Bingwa wa hisabati si mashine ya kukokotoa

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti bingwa wa hisabati ni yule anayezidisha namba ndefu kichwani kwa sekunde chache. Si kweli. Kazi ya mwanahisabati wa nadharia ni kuthibitisha, yaani kuonyesha kwa hoja kwamba jambo ni kweli daima, si kwenye mifano michache tu.

Jaribu mwenyewe. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyohiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41; na 1, unapata 43; na 2, 47. Zote ni namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na mambo yanakwenda hivyo hadi 39. Mtu angeapa kwamba hiyo ni kanuni. Sasa weka 40: jibu ni 1,681, yaani 41 mara 41. Mifano 40 mfululizo imetudanganya! Kuziba kwa hoja mwanya ulio kati ya mifano na ukweli wa daima huweza kuchukua miaka.

Tunachanganya kwa sababu shuleni aliyemaliza hesabu kwanza ndiye aliyesifiwa. Watoto wengi wanaofikiri taratibu wamejiona hawafai, na hilo linaniuma. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.