Aliyefumbua fumbo la selimundu ndiye aliyetupa dawa ya figo

Mgonjwa aliyepandikizwa figo haondoki kliniki mikono mitupu. Ana mfuko wa vidonge vya asubuhi na jioni, na kwa wengi kimojawapo ni maikofenoleti, dawa inayozuia kinga ya mwili isiishambulie figo ngeni. Wagonjwa wakiniuliza nani aliibuni, jibu huwashangaza: ni yule yule aliyeonyesha uhusiano wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, na malaria, na alikulia Gilgil, Kenya.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa shambani katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi na msafara wa Mlima Kenya akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Kipimo chenyewe ni cha mkono. Unafunika tone la damu kwa kigae chembamba cha kioo, unaziba kingo hewa isiingie, kisha unasubiri. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za mwenye kinasaba cha selimundu, zilizokuwa mviringo kama visahani, hujikunja na kuchongoka kama mundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na kinasaba hicho. Nyanda za juu, hata mmoja hakufika. Ukiweka ramani hiyo juu ya ramani ya malaria, zinalaliana.

Alirudi mwaka 1953. Nchini Uganda alipima watoto 290. Kati ya 247 wasio na kinasaba, 113 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 43 waliokuwa nacho, ni 12 tu. Alichapisha matokeo mwaka 1954. Aliwaambukiza malaria pia watu wazima waliojitolea. Kamati ya maadili ya leo isingempa kibali, na ingekuwa na haki.

Kwa hiyo anayerithi kinasaba kwa wazazi wote wawili anaugua selimundu, na anayerithi kwa mmoja anapata ngao. Mwaka 2005, utafiti uliofanyika Kilifi ulionyesha kuwa ngao hiyo hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Malaria ya kawaida huipunguza kwa nusu tu, hivyo chandarua kinamhusu huyu kama kinavyomhusu jirani yake.

Allison aliendelea na utafiti Uingereza, akarudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, iliyoshughulika na ndigana kali na nagana, kisha akahamia kampuni ya Syntex huko California. Hapo, yeye na mkewe Elsie Eugui, mtafiti kutoka Argentina, walijiuliza: tunawezaje kuzituliza limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazoshambulia figo ngeni, bila kuzigusa sana seli nyingine?

Seli inayogawanyika huhitaji malighafi ya DNA. Inaweza kuitengeneza upya, au kuokota mabaki na kuyatumia tena. Katika ugonjwa adimu wa Lesch-Nyhan, njia ya kuokota mabaki haifanyi kazi; ubongo wa mtoto huathirika vibaya, lakini limfosaiti zake hufanya kazi karibu kama kawaida. Maana yake limfosaiti hutegemea ile njia ya kutengeneza upya. Ukiifunga, zinakwama. Ndivyo Allison alivyofikiri tangu Uganda: aliitazama kasoro ya kuzaliwa, akauliza inafichua nini kuhusu mwili mzima.

Kitu cha kuifunga njia hiyo kilikuwepo tangu 1893, Mwitaliano Bartolomeo Gosio alipokitoa kwenye ukungu wa mahindi yaliyoharibika. Allison na Eugui walikiboresha ili utumbo ukifyonze vizuri, na mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, maikofenoleti, kwa waliopandikizwa figo. Allison alifariki mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo hapa Tanzania.

Kwa walio kwenye dawa hii: ukikosa dozi, limfosaiti hazikungoji. Homa, hata ndogo, ni ya kwenda nayo hospitali, kwa sababu kinga iliyozimwa kwa ajili ya figo imezimwa pia kwa vijidudu. Na mwanamke anayetaka kushika mimba amwone daktari kabla, abadilishiwe dawa: mtoto aliye tumboni ni seli zinazogawanyika mchana na usiku, na maikofenoleti huweza kuharibu mimba au kumwachia mtoto kilema.