Ushiriki wa mtoto: maana yake, na kwa nini si mahudhurio

Juzi nimelisikia tena neno "ushiriki" likitumika kwa maana ya mahudhurio. Katika kikao kimoja hapa Dodoma ilisomwa taarifa ya watoto wenye ulemavu na wenye maradhi ya kudumu. Chini ya kichwa "Ushiriki" palikuwa na namba moja tu: idadi ya watoto waliofika kwenye maadhimisho ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Namba ilikuwa kubwa, watu wakapiga makofi. Nilikuwepo siku hiyo ya maadhimisho. Nilimwona mtoto mwenye selimundu, amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, upepo wa Juni unampiga, mapajani amelundikiwa masweta ya wenzake waliokwenda kuvuta kamba. Nilipomuuliza leo umefanya nini, alinijibu, "Nilishika masweta." Naye yumo katika ile namba.

Maana yake kwa ufupi ni hii. Shirika la Afya Duniani, katika ainisho lake la mwaka 2001 kuhusu utendaji, ulemavu na afya, linaeleza ushiriki kuwa ni mtu kuhusika katika hali ya maisha. Kwa mtoto, hiyo ni michezo, masomo, kazi za nyumbani, ibada, marafiki. Ni jambo tofauti na uzima wa viungo. Mwenye kifafa ana miguu yake miwili na huenda hatoki uani, kwa kuwa nyumbani wanaogopa ataangukia njiani. Mwingine hawezi hata kusimama na hakuna mchezo wa mtaani unaoanza bila yeye.

Neno lenyewe linatusaidia kuliko maelezo ya kitaalamu. Kushiriki kumetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwenzio. Angalia ukoo wake: mshirika, shirika, ushirika. Walutheri wana usharika. Waislamu wanaonya juu ya shirki, yaani kumpa Mungu mshirika. Popote neno hili lilipokwenda, lilibeba hilo fungu. Mkulima wa zabibu aliyemo kwenye chama cha ushirika ana hisa yake, ana sauti mkutanoni, bei ikishuka inamuuma. Mpita njia aliyesimama mlangoni pa ghala hakuna atakayemwita mwanaushirika, hata akisimama pale mwaka mzima.

Kuhudhuria nako kumetoka Uarabuni, ila kwa mzizi mwingine kabisa, wa kuwapo. Humo ndimo tulimopata hadhara, hadharani na hadhira. Na hadhira kazi yake tunaijua: inatazama. Kwa hiyo Kiswahili kimetupa maneno mawili, tena kila moja na ukoo wake, halafu sisi kwenye fomu tunayafanya moja.

Lipo na la tatu linalonikera zaidi, ushirikishwaji. Fuata kitenzi: shiriki, shirikisha, shirikishwa. Anayeshirikishwa ametendwa, mtendaji ni mwingine, na mara nyingi ndiye huyo huyo anayeandika taarifa. Inawezekana kabisa ushirikishwaji ukafanyika, bajeti ikatumika, na mtoto asishiriki.

Sidharau mahudhurio. Mtoto asiyefika hawezi kushiriki. Mwaka 2017 mtafiti wa ulemavu wa watoto, Christine Imms, na wenzake waliandika kwamba ushiriki una sehemu mbili: kuwapo, na kuzama katika jambo wakati upo. Ya kwanza inahesabika kwa macho. Ya pili ni lazima uulize, na vipimo vizuri vinauliza. Kimojawapo kilichotengenezwa Kanada, kinachojulikana kwa kifupi CAPE (yaani kipimo cha ushiriki wa watoto na furaha wanayoipata), kilichotolewa mwaka 2004, kina shughuli 55. Kwa kila moja mtoto anaulizwa: umeifanya ndani ya miezi minne iliyopita? Mara ngapi? Na nani? Wapi? Uliifurahia kiasi gani? Hilo la "na nani" ni zito, kwa sababu mtoto mgonjwa anaweza kuwa na shughuli nyingi, zote na mama yake.

Orodha ya Kanada haiwezi kuletwa Bahi au Kongwa kama ilivyo. Huku mtama na uwele ukianza kukomaa, watoto wanakwenda kuamia ndege. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akipandishwa kwenye dungu, akapewa kamba ya makopo avute na kupiga kelele, shamba linalindwa na yeye ni mlinzi sawa na wenzake. Katika kwaya anaweza kupiga zeze ameketi. Kipimo kisichouliza kuamia ndege, kuchunga mbuzi, kombolela na kwaya kitamwona mtoto huyu hana maisha, kumbe anayo.

Na aulizwe mwenyewe pale anapoweza kujibu, kwa maneno, kwa ishara au kwa kuonyesha picha. Mzazi anajua mengi, lakini hajui yanayotokea nyuma ya darasa wakati wa mapumziko.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaojaza fomu, mkiwa mmehesabu vichwa, andikeni "mahudhurio". Ni neno zuri na namba yenu itakuwa ya kweli. Safu ya "ushiriki" iacheni wazi kwanza. Itajazwa mtu akishamfuata yule mwenye masweta na kumuuliza alitaka kufanya nini siku ile.