Mahakama ya Afrika iko Arusha, lakini ufunguo anao nani?

Kila tunapofanya semina ya sheria huku kaskazini, swali hili halikosi: "Mahakama ya Afrika si iko hapa Arusha? Mbona sisi hatuendi?"

Jengo kweli lipo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizaliwa na itifaki iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998, na tangu 2007 makao yake ni Arusha. Kwa miaka mingi imekaa Barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA. Haki za bara zima zimepanga kwa watu wa hifadhi za wanyama. Ina majaji 11, na kufungua shauri hakuna ada. Kikwazo kimo ibara ya 34(6) ya itifaki: mwananchi hawezi kuishtaki nchi yake moja kwa moja mpaka nchi hiyo itoe tamko la kukubali kushtakiwa naye. Kuridhia itifaki hakutoshi. Tanzania iliridhia 2006, tamko ikalitoa 2010.

Mchungaji Christopher Mtikila hakuchelewa kuutumia mlango huo. Alitaka jambo moja: mtu aweze kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa ushindi. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba na kuuzima ushindi wenyewe. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema suala hilo ni la Bunge. Nyumbani ngazi zilikuwa zimekwisha, naye akaenda Mahakama ya Afrika. Juni 14, 2013 majaji walisema sharti la chama linavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wakaitaka serikali irekebishe sheria. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Ndiyo maana wapo wanaosema hukumu za kule ni makaratasi. Siwalaumu, ila nadhani wanakosea mahali. Mahakama hii haina polisi wala magereza. Nchi isipotekeleza, inachoweza ni kuiripoti kwenye vikao vya Umoja wa Afrika, na huko serikali zinaketi na serikali wenzao. Lakini kama hukumu zingekuwa hazina uzito kabisa, nani angehangaika kuzikimbia? Rwanda iliondoa tamko lake 2016, wakati shauri la mwanasiasa wa upinzani, Victoire Ingabire, dhidi yake likiendelea. Tanzania ikafuata Novemba 2019, ikidai tamko lilikuwa linatumika kinyume cha masharti iliyoyaweka. Benin na Côte d'Ivoire zikaondoka 2020.

Kuondoka kwenyewe kuna utaratibu. Katika shauri la Ingabire mahakama ilisema nchi ikijitoa, mlango haufungwi mpaka mwaka mmoja upite, na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yanaendelea. Kwa Tanzania mwaka huo uliisha Novemba 22, 2020. Kesi ya Jebra Kambole, aliyepinga ibara ya 41(7) ya Katiba inayozuia mahakama kuhoji matokeo ya urais, iliamuliwa Julai 2020, naye akashinda. Juni 2023 ikatoka nyingine, iliyopinga wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi, kwa kuwa ilifunguliwa mlango ukiwa wazi.

Kwa Mtanzania wa leo zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, inayoweza yenyewe kulipeleka shauri kwenye Mahakama ya Afrika. Ila sharti kwanza umalize ngazi za mahakama za nyumbani. Ya pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Hii haikulazimishi kumaliza ngazi za nyumbani, ila inakupa miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au ukifahamu. Wengi huja na faili nene la rufaa za miaka mitano, wakidhani ndilo litakalowabeba. Huko faili hilo ndilo linalowaangusha.