Dawa kwenye banda la broila: maswali tunayoulizwa Arusha na Moshi

Kuku anauzwa akiwa na wiki 5. Si amechomwa homoni huyo?

Kasi hiyo haihitaji homoni. Inatokana na mbegu iliyochaguliwa kizazi hadi kizazi na chakula chenye protini nyingi. Kinachotutia wasiwasi ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria.

Kwa nini zitumike nyingi?

Kuku wamebanana. Ingia banda lenye kuku 18 kwenye mita moja ya mraba: maranda yameloa na kugandamana, amonia inachoma macho, kuku wanakoroma. Dawa ya kwanza hapo ni kupunguza kuku wabaki kama 10, kubadili maranda na kufungua mapazia. Lakini nafasi ni gharama, antibiotiki kama oksitetrasaiklini ni rahisi. Tena hutumiwa vibaya: dozi inakisiwa kwa kijiko, inakatizwa siku ya pili kuku wakichangamka, au inapewa kuku wenye kideri au gumboro. Hayo ni magonjwa ya virusi, antibiotiki haivigusi. Kinga yake ni chanjo, kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha kurudia.

Dozi pungufu huua vimelea dhaifu tu. Sugu hubaki, huzaana, na huwapa wenzao vinasaba vya usugu, yaani vya kuhimili dawa. Na tetrasaiklini, jamii ya dawa hiyo ya kuku, tunatibiwa nayo hata sisi binadamu! Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006.

Sifugi. Usugu utanifikiaje?

Kwa nyama isiyoiva, mikono ya mchinjaji, na mbolea. Masika husomba mbolea mbichi hadi mto Themi au Karanga, kisha maji yaleyale yanamwagilia mchicha. Mbolea irundikwe ifikie nyuzi 55 kwa siku 3 au zaidi, igeuzwe ili ya pembeni nayo iive.

Nikiichemsha sana nyama, dawa inaisha?

Vimelea hufa katikati ya nyama ikifika nyuzi 74. Mabaki ya dawa hayaishi yote kwa moto. Ndiyo maana kibandiko cha dawa huonyesha siku za kusubiri kati ya dozi ya mwisho na kuchinja. Kuku akiuzwa kabla ya siku hizo kuisha, mlaji anaimeza dawa. Na usimwoshe kuku mbichi kwenye sinki, matone hurukia vyombo.

Nimuulize nini muuzaji?

Dawa gani, na lini mara ya mwisho. Mfugaji makini ana daftari la banda lenye tarehe hizo. Asipokuwa na jibu, nunua kwingine.