H9: mtutu umeshuka, sasa tuitazame triga

Ukiishika bastola ya H9 kwa ubavu, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kidevu chake. Mbele ya kikingio cha triga, mahali ambapo bastola nyingine huwa pembamba, hii imevimba na kuteremka. Ndani ya kidevu hicho ndimo ilimo springi ya kurudisha slaidi. Katika bastola nyingi tulizozizoea springi hiyo hulala chini tu ya mtutu, kwa hiyo mtutu hauna budi kupanda juu kuipisha. Waliobuni H9 wameisogeza springi mbele na chini, na mtutu ukashuka karibu na kidole gumba cha anayeishika.

Faida yake ni ya kweli. Teke la risasi hurudi kwa mstari wa mtutu, ilhali mkono unashika chini ya mstari huo. Umbali kati ya viwili hivyo ndio unaoinua mdomo wa bastola kila unapofyatua. Ukiupunguza, mdomo hauruki sana na risasi ya pili inarudi kwenye shabaha mapema. Wazo lenyewe ni la zamani: HK P7 ya Ujerumani ilikuwa na mtutu wa chini miongo mingi iliyopita, na Laugo Alien ya Czech, iliyotoka 2019, imelifikisha mbali zaidi kwa kuutuliza mtutu usisogee kabisa na kuiweka pistoni ya gesi juu yake.

H9 ilionyeshwa Januari 2017 na kampuni ya Hudson ya Texas. Ilikuwa ya chuma kitupu, risasi 15 za milimita 9×19 kwenye magazini. Machi 2019 kampuni hiyo ikafilisika. Haki za muundo zikachukuliwa na kampuni ya Daniel Defense, ambao waliirudisha sokoni 2024 ikiwa na fremu ya alumini. Kwa hiyo jina ni lile lile, lakini anayekuuzia ya zamani na anayekuuzia mpya hawakuuzii kitu kimoja. Uliza ni ipi kabla ya kutaja bei.

Kwangu kidevu ni nusu ya habari. Nusu nzito ni triga.

Triga ya bastola ya Glock imeshikwa kwa pini juu na huzunguka kama mlango kwenye bawaba. Ya H9 imejengwa kwa kumfurahisha mtu wa 1911, ile bastola ya zamani ya Kimarekani: inateleza kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, mwendo mfupi, inakatika safi. Ni tamu kwenye renji. Utamu huo una gharama, na ili kuielewa fikiria boda inayofunga breki ghafla barabara ya Jinja. Boda inasimama, abiria wa nyuma anaendelea na safari hadi amkumbe dereva. Bastola ikianguka na kisogo cha slaidi kikatangulia kugonga sakafu, chuma chote kinasimama, lakini triga ni abiria. Uzito wake unaisukuma kuelekea nyuma, yaani upande ule ule ambao kidole kingeivuta. Triga ikiwa nzito, springi yake ikiwa dhaifu na mwendo ukiwa mfupi, bastola inaweza kujifyatua yenyewe bila kidole cha mtu.

Hili si jambo la kufikirika tu. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuziboresha bastola zake za P320 bila malipo baada ya kuonekana kwamba zikianguka kwa pembe fulani, kisogo kikitangulia, zinaweza kufyatua. Walichobadilisha kinafundisha: waliweka triga nyepesi, wakapunguza uzito wa pini ya kupigia risasi na kikamatio chake (kinachoishika pini mpaka triga ivutwe), wakaongeza kitenganishi, kinachokata uhusiano wa triga na kikamatio. Angalia pia kwamba majaribio ya kawaida ya Marekani, ya kuangusha bastola kutoka futi 4 (kama mita 1.2) juu ya mkeka wa mpira, hutumia mielekeo sita iliyonyooka: mdomo juu, mdomo chini, na pande nne. Pembe iliyoleta shida ilikuwa katikati ya mielekeo hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia bastola "imefaulu jaribio la kuanguka", muulize iliangukia wapi.

Dawa ya tatizo hilo ndiyo kile kilimi kidogo katikati ya triga. H9 inacho. Kilimi kina springi yake na uzito kidogo sana, kwa hiyo mshtuko haukisogezi kwa urahisi, na kisipobonyezwa triga nzima imefungwa. 1911 yenyewe haina kilimi. Inategemea komeo la mgongoni mwa mshiko ambalo huizuia triga mpaka kiganja kilibonyeze. H9 imeliacha komeo hilo, kwa hiyo kilimi kimebebeshwa kazi kubwa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kilimi huzuia triga kusogea kwa uzito wake. Hakizuii kidole, wala kamba ya jaketi, wala ukingo wa ala (mfuko wa bastola) ya ngozi iliyolegea na kujikunja ndani. Chochote kinachoingia katikati ya kikingio kitakibonyeza kilimi kwanza, kisha triga, kwa utiifu uleule. Kwa triga fupi kama hii ala laini siikubali hata kidogo. Na kwa sababu ya kidevu, H9 haitaingia kwenye ala ya Glock. Inatakiwa ala ngumu iliyofinyangwa kwa H9 yenyewe, ikifunika kikingio chote.

Ukiipata mkononi, ikague hivi. Toa magazini, vuta slaidi mara tatu, itazame chemba (risasi inapokaa) kwa macho kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Koki, yaani vuta slaidi na uiachie. Shika triga kwa pembeni, kucha zikiwa kwenye kingo zake bila kugusa kilimi, na uvute kwa nguvu. Isisogee. Kisha bonyeza kilimi nusu tu na uachie: kirudi chenyewe, mara ishirini, bila kusita hata moja. Kikisita, mara nyingi ni uchafu nyuma yake. Vumbi la murramu likichanganyika na mafuta mengi hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, na ukienda Karamoja wakati wa kiangazi itakubidi usafishe kila jioni. Hapo tumia tone moja la mafuta, au usiweke kabisa.

Kisha koki tena, elekeza mdomo kwenye ndoo ya mchanga, na ugonge kisogo cha slaidi kwa nyundo ya mpira mara kadhaa. Vuta triga. Usiposikia mlio wa pini ya kupigia, maana yake pini ilishuka wakati unagonga, na bastola hiyo isiingie risasi. Ukishaitoa slaidi, sukuma pini mbele bila kugusa kizuizi chake, ncha isitokeze.

Uzito wa triga upime kwa mizani ya kidijitali ya kuning'iniza mizigo, si ile ya wauza samaki wa soko la Ggaba. Vuta mara kumi kutoka katikati ya triga. Glock ya kawaida huja karibu kilo 2.5. Sijali sana ikitofautiana kidogo na hapo. Ninachotafuta ni vipimo kumi vinavyokaribiana. Kimoja kikishuka nusu kilo chini ya vingine, kikamatio kimechakaa au kuna mtu amekipiga tupa.

Hukumu yangu kwa Uganda: kwa mpiga shabaha mwenye cheti cha polisi na subira, H9 mpya ni bastola nzuri ya renji. Kwa mlinzi anayeingia na kutoka kwenye gari siku nzima, hapana. Ile ya Hudson ya 2017 nisingeichukua kwa kazi hata kwa bei ya kutupa, maana springi ya kilimi ikikatika huwezi kuikuta Kisekka, soko la vipuri la Kampala, na ya kuchonga kutoka kwenye springi ya kalamu siitaki karibu nami.