SpaceShipOne ilishinda kwa mkia

Watu wakiongelea ile zawadi ya dola milioni 10, Ansari X Prize, wanaongelea roketi tu na moshi, ila mimi kama fundi wa ndege nasema ule ushindi wa chombo cha anga SpaceShipOne ulitoka mkiani.

Masharti yalikuwa magumu haswa. Timu binafsi, bila hela ya serikali, iunde chombo cha kubeba watu 3, kifike kilomita 100 juu, kirudi salama, halafu hichohicho kiruke tena ndani ya wiki 2. Ilitangazwa 1996, timu 26 zikajitosa, kuna Wakanada walitaka kufyatua roketi yao toka kwenye puto, John Carmack yule wa magemu naye alikuwa na timu yake Texas. Ila aliyefika ni Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Mojave, California, na SpaceShipOne yake, kwa hela ya Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft.

Kupanda kwake kulikuwa hivi: ndege mama inakibeba chombo mpaka kama kilomita 14, inakiachia, rubani anawasha injini inayochoma raba, dakika moja na kitu imezima, kasi ileile inakimalizia safari.

Sasa kazi iko kwenye kurudi. Ukishuka toka kule unashika kasi kwenye hewa nyepesi sana, ukigonga hewa nzito umekaa upande basi chombo kinakatika, na ndivyo alivyofariki rubani Michael Adams 1967 kwenye X-15, ndege ya roketi ya majaribio ya Marekani. Rutan alifanya nini? Nusu ya nyuma ya mabawa pamoja na mikia yote inakunjwa kwenda juu kama digrii 65, yaani hata chombo kiingie kichwa chini kinajigeuza chenyewe tumbo chini, kama kile kimpira cha manyoya cha badminton, na kwa vile kinasukumana na hewa nyingi kinapunguza kasi mapema kungali juu, joto linakuwa dogo. Baadae mikia inarudishwa, kinateleza hadi uwanjani bila injini. Mimi bado nauhusudu ubunifu huu!

Tarehe 29 Septemba 2004 rubani Mike Melvill alipanda huku chombo kinajiviringisha mfululizo, akafika kilomita 102 na akarudi mzima. Tarehe 4 Oktoba rubani Brian Binnie akafika 112, akaipita rekodi ya kimo ya X-15 ya 1963, zawadi ikachukuliwa.

Lakini mkia huohuo uliua. Oktoba 31, 2014, kwenye SpaceShipTwo iliyorithi ubunifu ule, rubani msaidizi Michael Alsbury alifungua kufuli ya mkia mapema mno chombo kikiwa bado kinapanda, hewa ikausukuma mkia ukajikunja wenyewe, chombo kikasambaratika, yeye akafariki, rubani mwenzake Peter Siebold akaokoka kwa parachuti. Hakukuwa na kitu cha kuzuia mkono wa mtu kufungua kabla ya wakati. Chombo kilichofuata kikawekewa kizuizi hicho, na kwa maoni yangu kilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza.