Kifo amekuja, si kimekuja

Likizo ya Agosti mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa nami hapa Kisumu, na jioni zote akaniwekea tamthilia ya Kikorea iitwayo Goblin, ile iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 2016. Jioni moja nilikuwa nachambua omena kwenye sinia, jicho moja kwenye mchanga na mawe, jingine kwenye runinga. Akatokea kijana wa suti nyeusi na kofia nyeusi, mkononi ameshika kadi yenye jina la mtu. Msichana akanigusa goti: "Shangazi, acha omena kidogo. Kifo amekuja."

Nimefundisha fasihi miaka ishirini, na neno "kimekuja" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalirudisha. Hapa kwetu anayekosea ngeli hakosei hivyo. Atakwambia "kitabu imepotea", "kiti imevunjika", na kwa mtindo huohuo angesema "kifo imekuja". Kiambishi "i" ndicho kimbilio la Kisumu nzima, kuanzia steji ya Kondele mpaka sokoni Kibuye. Msichana hakusema "imekuja". Alisema "amekuja", na baadaye akasema "huyu Kifo ni mpole". Hakuwa amekosea ngeli. Alikuwa amemwona mtu.

Tangu jioni ile nimekuwa nikisoma upya kila ninachofundisha kuhusu tashihisi ya kifo, yaani kukipa kifo sifa za mtu, na nimefikia kuamini kwamba Kiswahili kina kipimo chake chenyewe, na kipimo hicho ni kiambishi. Wanafunzi wetu wamezoea kuandika kwenye karatasi ya mtihani: "Kifo kilimnyakua baba yake – tashihisi." Alama wanapewa, nami nimezitoa mara nyingi. Lakini hebu sikiliza sentensi yenyewe. "Kilimnyakua." Kifo kimepewa tendo la kiumbe, ni kweli, ila bado ni kitu, kama kimbunga kilivyo kitu. Mkono kimepata, nafsi bado. Hatua ya pili, ambayo washairi na wasimulizi huichukua kwa nadra na kwa makusudi, ni kukitoa kifo kwenye KI-VI na kukiingiza kwenye A-WA, walimo kifaru, kiboko, kipofu na kiongozi. Viumbe hao wote wanaanza kwa "ki" lakini hakuna anayesema "kiboko kimekuja", labda awe anasema juu ya mjeledi. Kifo nacho kikivuka mpaka huo, ndipo unaweza kumuuliza anakaa wapi, mama yake ni nani, anakula nini.

Lugha nyingine zina kipimo tofauti. Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika mwaka wa 1959 kwamba Warusi hukiona kifo kama mwanamke kwa kuwa neno lao, smert, ni la jinsia ya kike, na Wajerumani humwona mwanamume kwa kuwa Tod ni la kiume. Sisi hatujui kifo ni bwana au bibi. Swali letu hutangulia hilo: ni mtu au ni kitu?

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika Biblia ya Kiswahili, tafsiri ile ya Union, Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, inayosomwa karibu kila mazishi huku magharibi. Aya ya 26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Angalia "atakaye": neno "adui" limeivuta mauti mpaka kwenye A-WA, sasa ni mtu wa kupigana naye. Aya ya 54: "Mauti imemezwa kwa kushinda." Hapo imerudi kuwa kitu, na si kitu tu, ni tonge. Aya ya 55: "Ku wapi, ewe mauti, kushinda kwako?" Hii tunaiita ritifaa, kukisemesha kitu kana kwamba kinasikia, na nguvu yake iko kwenye nafsi ya pili. "Wewe" haina ngeli. Ukimwambia jiwe "wewe", sarufi haikuulizi tena kama ni jiwe. Kwa hiyo ndani ya aya thelathini mauti imekuwa adui, ikawa chakula, kisha ikasimamishwa mbele ya waombolezaji na kuulizwa swali ikakosa jibu. Mhubiri mzuri huyasikia mabadiliko hayo hata kama hajawahi kufundishwa jina lake. Sauti hupanda penyewe kwenye "ewe".

Niseme hapa jambo linalochanganywa sana, hata na walimu wenzangu. Mjumbe wa kifo si kifo. Izraili, mtoa roho anayetajwa sana katika masimulizi ya Waislamu tangu Lamu mpaka Mumias, ni malaika mwenye kazi aliyopewa; Kurani katika sura ya 32 aya ya 11 humtaja kwa cheo, malaika wa mauti, bila jina hilo la Izraili. Tazama Kiswahili kinavyowagawia kazi: mauti yakamfika, Izraili akamtoa roho. Moja ni "ya", mwingine ni "a". Tashihisi haipo hapo kabisa.

Kinyonga wa Wabukusu ni vivyo hivyo. Alimkuta mwana wa Maina akila jioni nje ya nyumba, akaomba chakula, akanyimwa. Akaomba tena, akafukuzwa. Akawalaani watu wafe, kisha akaenda kwa nyoka, akakaribishwa akala, ndiyo maana nyoka akizeeka hujivua ngozi tu na kuendelea. Kinyonga alileta kifo kama mtu aletavyo barua. Barua yenyewe haina sura. Na yule kijana wa Kikorea, nikisema kweli, ni wa kundi hili pia: ni mjumbe wa ahera, ana kadi za majina na saa, ana chumba cha chai ambamo marehemu hunywa kikombe akasahau maisha yake. Mtumishi wa ofisi. Ila msichana alimwita Kifo, na nadhani ni kwa sababu Kiswahili kilimpa njia ya kufanya hivyo kwa silabi moja.

Ukitaka Kifo mwenyewe, mwenye nyumba na hasira, usiende mbali. Vuka Busia. Waganda wanaye Walumbe, na sijui hadithi ya Afrika Mashariki iliyomfanya kifo mtu kamili kuliko hiyo. Walumbe ni kaka yake Nambi, binti wa Ggulu, mwenyezi wa mbinguni. Nambi alipoolewa na Kintu, baba yao aliwaonya waondoke haraka, wasirudi nyuma kwa lolote, Walumbe asije akawafuata. Wakiwa njiani ikakumbukwa kwamba wimbi wa kuku, yaani ulezi, umesahaulika. Kurudi kwa ajili ya wimbi! Walumbe akaona, akafuata. Alipofika duniani hakuanza kwa kuua. Alikuja kama shemeji, akaomba kwa Kintu mtoto mmoja wa kumsaidia kupika. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa, ndipo watoto wakaanza kufa. Kaka mwingine, Kayikuuzi, alitumwa kumkamata, na watu wakaamriwa wanyamaze, wasipige yowe wakimwona Walumbe. Watoto wakamwona, wakapiga yowe. Walumbe akarudi ardhini huko Ttanda, na yumo mpaka leo.

Nimeisimulia darasani mara nyingi na kila mara kimya huingia pale kwenye ushemeji. Wanafunzi wa huku wanajua maana ya kumnyima shemeji mtoto wa kumsaidia nyumbani. Ni jambo linalozungumzwa kwa wazee. Kifo huyu ana haki ya kudai. Sasa tazama jina. Olumbe kwa Kiganda ni neno la matanga. Na hadithi za Kiganda huwageuza wanyama kuwa wahusika kwa kuwapachika "Wa" mbele: akayima, sungura, huwa Wakayima, enjovu, tembo, huwa Wanjovu. Olumbe akapachikwa hiyohiyo akawa Walumbe. Jirani zetu wanafanya kwa "Wa" kile alichofanya msichana wangu kwa "a".

Wazungu nitawapitia upesi. Thanatos wa Wagiriki, ndugu pacha wa Usingizi, alifungwa minyororo na mfalme Sisyphus na watu wakaacha kufa mpaka alipofunguliwa. Yule wa mifupa na mundu mrefu alivuma Ulaya katika karne zilizofuata tauni kubwa ya miaka ya 1347 hadi 1351, na kwangu hana uzito, kwa kuwa shamba la kufyekwa kwa mundu ule si shamba letu. Kipindi kimoja tu cha Marekani kilinigusa, cha mfululizo wa runinga The Twilight Zone mwaka wa 1962: bibi kizee aliyejifungia miaka mingi akikataa kufungua mlango, na kijana polisi aliyejeruhiwa, aliyeigizwa na Robert Redford akiwa bado hajulikani, anayeomba msaada kizingitini. Polisi yule ndiye Kifo. Sisi husema kifo hakibishi hodi. Yeye alibisha hodi, akasubiri kukaribishwa.

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyefanya kazi hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, alikusanya nyimbo za maombolezo za Waacholi na kuzitoa mwaka wa 1974, na mmoja unamtaja mama yake Kifo: mwombolezaji anasema angeujua mji wa mama huyo, angewasha mwenge wa nyasi ndefu akauteketeza wote. Mtu ana mama. Kitu hakina.

Dholuo, lugha ya nyumbani kwetu, haina ngeli. Jiwe likianguka, kidi opodho. Mtu akianguka, ng'ato opodho. Ile "o" ni ileile, kwa hiyo ukisema Tho obiro, kifo kimekuja au amekuja, sarufi haikusaidii kujua. Lazima uangalie watu wanafanya nini.

Dani, mama yake baba, alizaa watoto watatu Alego wakafa mmoja baada ya mwingine. Wa nne alipozaliwa alipelekwa akawekwa kando ya njia, juu ya majani, na jirani aliyeandaliwa akapita "akamwokota" na kumrudisha kwa mama yake kama mtoto wa watu. Akaitwa Owiti, aliyetupwa. Nilimuuliza Dani kwa nini, nikiwa na miaka kama tisa. Akasema Tho husikiliza majina mlangoni, na cha kutupwa hakitaki.

Baba mkubwa Owiti aliishi zaidi ya miaka sabini. Kwenye mazishi yake walikuwepo wakwe kutoka Vihiga, kwa hiyo mhubiri alisoma kwa Kiswahili, sura ileile ya 15. Alipofika "ewe mauti" tukasikia pembe. Vijana walikuwa wanarudi na ng'ombe kutoka tero buru. Walikuwa wameondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda upande wa mto Yala kumfukuza Tho nje ya mpaka. Ng'ombe walikuwa na majani pembeni, vumbi limewafika magotini, wawili wa bodaboda nyuma wamefunga matawi kwenye usukani. Mzee mmoja mbele, koti limemlegea mabegani, alikuwa na mkuki wa kweli. Alisimama kwenye lango, akageuka alikotoka, akauelekeza mkuki barabarani palipokuwa patupu.

"Tho odhi!" akasema. Aende.